Mechi Nilizozipa Mgongo

Wadogo zangu mliobaki uwanjani, mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi ya kuonyesha watu viti, kwa kuwa sasa magoti yamenistaafisha. Nimekubali, ila nawaonya mapema. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na tisa, Arlington kila Januari na Houston kila Desemba, na huu mpira wa Wamarekani mpaka leo siujui. Mkiona nimekosea kanuni msinicheke. Na kama hamwezi kujizuia, malizeni kwanza kusoma.

Siku za katikati ya wiki nilikuwa kwenye ghala huko Mesquite, na ghala sina la kuwasimulia isipokuwa maboksi. Msimu wa kawaida wa mpira nao nitauruka. Nitasema za zile mechi za mwisho, msimu ukishaisha, ambapo timu za vyuo zilizofanya vizuri zinaalikwa kucheza mechi moja moja ya heshima. Kila mechi ya namna hiyo Wamarekani wanaiita bakuli. Nilipoanza nilitafuta hilo bakuli lenyewe liko wapi, nikaonyeshwa kikombe. Jina la mechi nalo lilibadilika kila alipobadilika mdhamini, mwaka huu la benki, mwaka ujao la chipsi, na mtu akikuuliza kama hii ndiyo ile ya mwaka jana inabidi ufikirie kwanza. Mimi na Njoki tukaziita zote mechi za bakuli, tukaridhika. Njoki ni Mkenya, nesi siku za kazi na mwenzangu wa ngazi za jirani wikendi, mwanamke asiyemung'unya maneno.

Siku yangu ya kwanza nilikabidhiwa koti la njano lililonifika magotini na mwalimu aliyeitwa Odell. Mzee Odell alikuwa Mmarekani mweusi wa Fort Worth, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alianza kuonyesha watu viti mimi nikiwa bado shule ya msingi Tanga. Alinisimamisha chini ya ngazi, mgongo uwanjani, uso kwa watu.

"Umekuja kazini au umekuja kutazama mpira?" akaniuliza.

"Kazini."

"Vizuri. Basi mpira uko nyuma yako. Uache huko huko."

Nilidhani anatania. Haikupita robo saa, uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, nami nikageuka kama mtu yeyote mwenye shingo. Niliona vijana wamelaliana rundo, na mzee mmoja mwenye filimbi amerusha kitambaa cha njano kana kwamba kimemchoma. Odell akanigonga bega kwa tochi.

"Umeona nini?"

"Watu wamelaliana."

"Watalaliana tena kwenye televisheni, tena polepole. Yule bibi wa mstari wa tisa hawatamwonyesha."

Nikatazama mstari wa tisa. Bibi mmoja alikuwa amesimama kushangilia, mkoba umemnasa kwenye kiti, na mguu wake mmoja unatafuta ngazi ambayo haipo. Odell alikuwa ameshaanza kupanda. Alimshika kiwiko, akamkalisha, akashuka bila kuhema. Tangu siku hiyo sikugeuka tena, na mechi zangu zote nimezipa mgongo.

Ninyi mnaoanza sasa mna vifaa vingi. Vyangu vilikuwa vinne na bado naviamini. Viatu vya raba nene, saizi moja kubwa zaidi, kwa sababu mguu huvimba mechi ikifika robo ya tatu kati ya zile nne. Tochi ndogo hata mchana, maana chini ya viti kuna giza na ndiko miwani inakoangukia. Taulo la kufutia kiti kabla mgeni hajakikalia. Na pipi mfukoni, kwa ajili ya wenye kisukari ambao mpira huwasahaulisha kula. Ukielekeza, elekeza kwa kiganja kizima, usinyooshe kidole. Tiketi isome yote, hata kama namba umeshaiona kwa mbali, iwe ya karatasi au ya kwenye simu, kwa sababu mtu aliyesafiri kwa saa nne nzima anataka tiketi yake isomwe. Mlevi usibishane naye. Mwulize ametoka mji gani, na akimaliza kukueleza atakuwa ameshakaa.

Kuhusu mpira wenyewe nilijaribu, Mungu shahidi. Nilijaribu kujifunza kupitia nyuso. Wakishika vichwa, timu yao imekosa. Wakishika vifua, bado haijulikani. Lakini kuna siku watu wa upande wa buluu na watu wa upande wa nyekundu walishika vichwa wote kwa pamoja, nikamtazama Njoki pale ngazi za jirani, naye akanipandishia mabega. Saa nayo ilinishinda. Utasikia inatangazwa zimebaki dakika mbili, unaanza kujiandaa kufungua milango, na dakika mbili hizo zinakula nusu saa. Niliwahi kumwuliza Odell ni saa ya namna gani hiyo. Akasema hata yeye hajui, lakini mkewe naye hujiandaa kwa saa hiyo hiyo.

Mtu anayewatazama watazamaji miaka yote hiyo naye anageuka mshabiki, ila sijui ni mshabiki wa nini. Nina mechi za bakuli ninazozipenda kuliko zote, na sikuona hata moja. Ipo ile ya mama aliyekuwa anafuma sweta mstari wa sita. Alifuma robo zote nne bila kuinua macho, wenzake wanalia na kukumbatiana, na mwishoni kabisa akaweka sindano chini, akasimama, akasema neno moja nisiloweza kuliandika, akakaa akaendelea. Ipo ile ya baba na binti, kila mmoja na jezi ya chuo chake, walioanza mechi wameshikana mikono na kuimaliza wakiwa wameachana viti vitatu. Na ipo ile ambayo bwana mmoja alipiga goti kumchumbia mwenzake, na sekunde ile ile mpira ukakosa lango huko nyuma yangu, uwanja mzima ukaguna kwa uchungu. Yule dada alikubali. Naamini mimi ndiye shahidi pekee. Nani alishinda siku hiyo? Sijui.

Aliyejaribu kunitoa gizani ni Mzee Harlan. Alikuwa fundi wa mabasi aliyestaafu, mgane, mkazi wa Mesquite, na kiti chake cha kila Januari kilikuwa mstari wa kwanza, hatua mbili kutoka niliposimama. Tiketi alinunuliwa na binti yake, Denise, aliyeishi Houston na kuja kumwona kila mwaka mpya. Denise mpira hakuupenda. Alimfikisha baba yake getini mapema, akaenda kuwaona rafiki zake, akarudi kumchukua mechi ikiisha. Kwa hiyo kabla watu hawajajaa tulikuwa wawili tu, mimi na taulo langu, yeye na maneno yake. Jina langu Mwanaidi lilimshinda, akanikata nikawa Miss Mwana.

Mzee Harlan alikuwa na orodha. Mechi tano za bakuli bora kuliko zote tangu dunia iumbwe, na kila Januari alinisomea kutoka kichwani, akiteta na nafsi yake juu ya nafasi ya kila moja. Ya tano ilikuwa ile ya ukungu, ambapo hakuna aliyeuona mpira, na watu walijua wameshinda kwa kusikia upande wa pili umenyamaza. Ya nne, ile ya mchezaji aliyevuka uwanja na kiatu kimoja. Ya tatu, ile ya mvua, ambayo yeye na mkewe Ruth waliitazama wakiwa wamejifunika mfuko mmoja wa plastiki. Ya pili, ile ya mpira uliogonga nguzo, ukarudi, ukagonga tena, ukapita. Ya kwanza ilikuwa ile waliyoshindwa.

"Mliyoshindwa?" nikamwuliza. "Inakuwaje ya kwanza?"

"Ndiyo niliyolia," akasema. "Nyingine nilifurahi tu."

Hilo nalo sikulielewa, lakini nililipenda. Mwaka mmoja alipanga karanga juu ya ukuta mdogo wa mbele anionyeshe mchezo unavyokwenda. Karanga hizi zinashambulia, hizi zinazuia, una nafasi nne za kusogea mbele. Nilikuwa nimeanza kushika, kisha akajisahau akawala mabeki wote, somo likaishia hapo.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika, na si jambo la kujisifia. Januari moja aliniambia yule mchezaji wa kiatu kimoja alikimbia kwenye ukungu. Nikadhani mimi ndiye niliyechanganya. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kwenye mpira asiyeelewa ni mimi, na neno likinipita kosa ni langu. Januari iliyofuata orodha ilikuwa na mechi nne, kisha sita, katika mazungumzo yale yale. Nikajisomea moyoni: ukungu, kiatu, mvua, nguzo, ile waliyoshindwa. Nilikuwa nayo sawasawa. Aliyepotea njia alikuwa mwenyewe.

Sikumwambia. Kwetu mtu mzima hasahihishwi mbele za watu, anasitiriwa. Babu akitoka na kanzu nje ndani, unamwita pembeni kwa kisingizio cha chai. Kwa hiyo Mzee Harlan alipochanganya, nilimrudisha polepole. "Na ile ya mvua, mzee, si ilikuwa ya tatu?" Naye akafurahi, "Ya tatu, ndiyo, ya tatu." Aliposhindwa kufungua vifungo vya koti, nilimfungulia huku naisema baridi. Alipouliza Ruth yuko wapi, na Ruth alikuwa amefariki kabla sijamjua mzee huyu, nilimwambia amekwenda kununua kahawa. Akatulia, akatazama mpira wake. Na Denise aliporudi akaniuliza, kama alivyoniuliza kila mwaka, "Alikuwaje leo?" nikamjibu, "Mzima kabisa. Ana akili kutushinda sote."

Njoki aliyaona yote kutoka ngazi za jirani.

"Mwanaidi, hiyo si uzee tu," aliniambia tukivua makoti. "Mimi niko na wagonjwa kama hao kila wiki. Ambia msichana wake ampeleke kwa daktari."

"Nitamwambiaje? Ni baba yake."

"Utamwambia na mdomo."

"Nitamwaibisha mzee wa watu."

"Aibu gani? Hii ni ugonjwa, si kuiba. Wewe unam-cover, unam-cover, halafu siku moja ata-drive aende asirudi. Utasema nini hiyo siku?"

Nilimwona Njoki ana haraka ya kinesi. Nilimwambia tusubiri tuone, na tukasubiri mpaka zikatimia Januari tatu. Kila mara nilijiambia mwaka huu nitasema, na kila mara Denise alikuja na uso wake mchangamfu, mzee akanikonyeza jicho kwaheri, nami nikasema mzima kabisa. Nilikuwa naogopa, na woga wangu nikauita heshima.

Desemba ya baada ya hapo tulipelekwa Houston kama kawaida. Mimi na Njoki tuliendesha kwa zamu, tukafikia mtaa wa Alief kwa binamu yangu, ambaye watoto wake niliwauliza habari za shule kwa Kiswahili na wakanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu nzuri tu. Mechi ilikuwa ya mchana. Watu walianza kuingia, nami nimesimama chini ya ngazi zangu na taulo begani, nikamwona Mzee Harlan anashuka.

Alikuwa amevaa kofia ya timu yake, na timu yake haikuwa inacheza siku hiyo. Miguuni alikuwa na ndara za nyumbani. Mkononi alishika tiketi aliyoinunua dirishani, ya juu kabisa karibu na paa.

"Miss Mwana," akasema, "nimekupata."

Nikamwuliza amekuja na nani. Akasema ameendesha mwenyewe, kutoka Mesquite. Saa nne nzima barabarani. Nikamwuliza gari liko wapi, akasema liko pale lilipo. Nikakumbuka kwamba Januari nilikuwa nimemwambia, mazungumzo tu, kuwa Desemba hukaa Houston, ngazi za chini, upande wa kusini. Orodha yake ilikuwa imevunjika na hakujua kama mkewe yu hai au amekufa, lakini hilo hakulisahau.

Njia ya kufuata ilikuwa moja, na nyote mnaijua. Unamwita msimamizi kwa redio, unamwita nesi wa uwanja, unampigia ndugu yake, na ndugu yake alikuwa hapo hapo Houston. Mimi nilimwona mzee amesimama na ndara mbele ya halaiki, nikaona haya kwa niaba yake. Nikajiambia mtu mzima hapandishwi mpaka kwenye paa na ndara. Nikamkalisha kwenye kiti kitupu mstari wa pili, nikamfunika miguu kwa taulo langu watu wasione, nikamwambia atulie, mechi ikiisha nitamrudisha nyumbani mwenyewe. Nilijiona mwema sana.

Wakati wa mapumziko watu husimama wote kwa pamoja, huyu chooni, huyu chakula, na ngazi haipitiki. Mama mmoja juu alimwaga soda kwenye viti vitatu, nikapanda kwenda kusaidia. Niliposhuka, mstari wa pili kulikuwa na taulo peke yake.

Nje kulikuwa na barabara kuu, magari yanapita bila kukoma, na maegesho yasiyo na mwisho, na humo ndani mahali fulani au huko nje kulikuwa na mzee wa watu asiyejua gari lake liko wapi. Nilibeba lile taulo, nikaacha ngazi zangu, jambo nisilowahi kulifanya, nikamkimbilia Njoki. Hakuniambia kwamba alinionya. Alisema tu, "Ita supervisor. Sasa hivi, Mwanaidi," kisha akaita yeye kwa redio yake. Milango yote ikaarifiwa. Namba ya Denise nilikuwa nayo miaka mingi, alinipa akisema nipige kukiwa na lolote. Nikapiga. Nikamwambia baba yake amepotea. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililowahi kumwambia juu ya baba yake.

Tulimtafuta vyooni, kwenye vibanda vya chakula, kwenye lifti, nyuma ya nguzo. Mechi ilianza tena na watu wakawa wanarudi kwenye viti vyao. Nilikuwa nimezunguka karibu nusu ya uwanja nilipomwona. Alisimama chini ya ngazi za seksheni nyingine, mgongo uwanjani, uso kwa watu. Mfanyakazi wa hapo alikuwa amekwenda kutusaidia kumtafuta. Watu walikuwa wanamwonyesha mzee simu zao zenye tiketi, naye anazisoma moja moja bila haraka, anawaelekeza kwa kiganja kizima. Bwana mmoja alimshukuru sana. Sijui wangapi walikaa mahali pao na wangapi walikaa mahali pa wengine.

"Umechelewa, Miss Mwana," akaniambia. "Watu ni wengi."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha sikujua nafanya lipi kati ya hayo mawili. Nilimshika mkono tukaenda chumba cha huduma ya kwanza, nikamfunika tena miguu kwa taulo.

Denise alifika akiwa na nguo za nyumbani na funguo bado mkononi. Alimkumbatia baba yake muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Umejua tangu lini?"

"Januari tatu."

"Nilikuuliza. Kila mwaka nilikuuliza alikuwaje."

"Kwetu mzee hasemwi," nikamwambia. "Anasitiriwa. Nilimfichia aibu yake."

"Ulimfichia asionekane na nani? Na mimi?"

Njoki alikuwa anampima mzee presha, macho yake ameyaelekeza kwenye kipimo.

"Ningehamia kwake miaka mitatu iliyopita," Denise akasema. "Ningekaa naye akiwa bado na mambo ya kunisimulia. Ile orodha yake ya mechi, unajua sijawahi kuisikia? Nilidhani nina muda."

Nikataka kumwambia kwamba orodha ninayo, mechi zote tano, kwa mpangilio. Nikaona nikisema hivyo nitakuwa naongeza kosa juu ya kosa, nikawafungulia mlango. Aliondoka na baba yake, na taulo langu likiwa bado mikononi mwa mzee.

Ofisini nilikiri kila kitu. Walinitoa kwenye ngazi wakaniweka kwenye lifti, na sikulalamika. Humo ndani huoni mpira wala watu, unabonyeza namba tu na kusikia kelele kupitia ukutani. Nilipata misimu miwili ya kufikiri, na sikufika popote. Sitara ni jambo jema, nimelelewa nalo na sitalitukana. Nikijiambia nilimheshimu mzee, moyo unaniuliza mbona nilikuwa naogopa kila Denise akiniuliza. Nikijiambia nilikuwa mwoga tu, namkumbuka alivyotulia aliposikia Ruth amefuata kahawa. Nimeigeuza pande zote, imebaki vile vile. Lakini ninyi msingoje muelewe. Mkiona mgeni wenu wa kila mwaka amebadilika, mwambieni mtu wake siku hiyo hiyo, kwa sauti ya chini, pembeni. Kanuni hiyo Odell hakunifundisha, nimeipata kwa kumwumiza mtu.

Nilimwandikia Denise mara mbili kumwomba radhi. Hakujibu, na hakulazimika. Kisha nikastaafu, na Desemba hii iliyopita akanipigia simu.

"Nimehamia kwa baba, Mesquite," akasema. "Nina jambo la kukuomba, na sijui kama lina akili."

Alinieleza kwamba mzee haongei sana siku hizi. Orodha imekwisha yote. Lakini mechi ya bakuli ikianza kwenye televisheni hakubali kukaa. Anasimama kwenye mlango wa sebule tangu mwanzo mpaka mwisho, miguu inavimba, na ukimvuta mkono anakuwa mkali. Ameshaanguka mara moja hivyo. Daktari amesema akianguka tena na kuvunjika, haitawezekana kumtunza nyumbani.

"Nimemwuliza anasubiri nini," Denise akasema. "Anasema hajaonyeshwa kiti."

Nilikwenda Januari hii. Koti la njano nilikuwa nimesharudisha, nikajitanda mtandio wangu na kuvaa viatu vya raba, kwa sababu ndivyo pekee ambavyo magoti yanavikubali. Nilimkuta amesimama pale mlangoni, amekonda, kofia kichwani. Sijui kama alinijua. Alinitazama kwa adabu, akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akanipa. Ilikuwa karatasi ya maelezo ya dawa.

Nilisita. Denise alikuwa amesimama nyuma yangu, anatazama. Miaka ile mitatu ya uongo ilianza hivi hivi, kwa upole mdogo usiodhuru mtu. Safari hii nikageuka.

"Nifanyeje?" nikamwuliza.

Alimtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Isome," akasema.

Nikaisoma, vidonge viwili kwa siku baada ya chakula, mpaka chini kabisa. "Karibu, mzee," nikamwambia, "mstari wa kwanza," nikamwelekeza kwa kiganja kizima kwenye sofa. Alitembea mwenyewe. Alishika mkono wa sofa, akageuka taratibu, akakaa, akashusha pumzi. Kwenye televisheni vijana wa vyuo viwili nisivyovijua walikuwa wanakimbizana, naye akawatazama.

Denise akaenda mezani, akachukua bahasha moja kwenye zile barua za matangazo, akaja akanipa. Nikaipokea, nikasoma jina na anwani mpaka mwisho, nikamwonyesha kiti cha pembeni ya baba yake.